Kabati la Vitabu na Kinywa cha Mzee: Namna ya Kutafuta Historia Yetu ya Moba



Mara nyingi tukisema desturi za mababu, mawazo yanaenda moja kwa moja kwenye ngoma, mahari, matanga na majina ya koo. Ni vizuri. Lakini leo tunapenda kuongea juu ya desturi ingine ambayo kwetu bado ni changa: kutafuta habari za zamani mu vitabu na mu karatasi, kuzilinganisha na maneno ya wazee, halafu kuandika kile tulichopata. Methali inasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia nayo ni mali.

Sisi walimu wa historia tunaona shida hii kila mwaka. Uliza darasa la sekondari juu ya Mkutano wa Berlin, mikono inasimama: ulianza tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 1884, ukaisha tarehe 26 mwezi wa pili 1885. Wanakutajia Bismarck, wanakutajia Leopold II. Vizuri sana. Sasa uliza: mu miezi ile ile, hapa kwetu kando ya ziwa, kulitokea nini? Kimya. Kumbe mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili 1884, wakati wakubwa wa Ulaya walikuwa wangali mezani, shefu mmoja mwenye nguvu wa Watabwa, Lusinga lwa Ng'ombe, aliuawa mu milima yetu, na kichwa chake kikakatwa. Mtoto wa Moba anajua meza ya Berlin, hajui damu iliyomwagika kwao. Hatuwezi kumlaumu, kwa sababu kitabu anachosomea kiliandikwa kwa ajili ya nchi nzima. Habari ya kwao inabaki nje.

Basi, itafutwe wapi? Jibu letu: mu kabati la vitabu la jamii, na mu kinywa cha mzee, vyote viwili pamoja.

1. Maktaba ya kuangalia ni kitu gani?

Watu wanafikiri bibliotheki lazima iwe nyumba kubwa yenye meza na taa, kama kule Lubumbashi ao Kinshasa. Sivyo. Kuna maktaba ya kuazimisha, ambamo unachukua kitabu unaenda nacho nyumbani. Na kuna maktaba ya kuangalia: kitabu hakitoki, msomaji njo anakuja. Humo munawekwa kamusi, ramani, vitabu vya historia, nakala za karatasi za zamani, na kaye zilizoandikwa maneno ya wazee. Mtu anakuja na swali lake, anaketi, anatafuta, anaandika kwa mkono wake, anarudisha kitabu mahali pake.

Kabati moja lenye kufuli, mu shule ao mu parokia ao kwa chama cha kartie, linatosha kuanza. Kinachofanya maktaba ni jambo hili: karatasi zinazosema habari moja kwa njia mbalimbali ziwekwe jirani, ili msomaji azilinganishe. Kitabu kimoja peke yake kinaweza kudanganya hata bila mwandishi kukusudia. Vitabu viwili vinaanza kuulizana. Vitatu vinaanza kutoa ushuhuda.

Tutoe mfano mmoja wa kwetu, mutaona.

2. Kifo kimoja, midomo minne

Tuchukue hicho kifo cha Lusinga. Kuna angalau midomo minne inayosema juu yake.

Mdomo wa kwanza ni wa msafiri. Joseph Thomson, kijana wa Scotland, alipita upande huu wa ziwa mwaka 1879 akienda kaskazini mpaka mto Lukuga. Alikutana na Lusinga. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1881, na mu kitabu kile Lusinga ni mtu wa kutisha, mwenye kuvamia vijiji na kuuza watu. Hapa tuseme ukweli bila kuficha: ni kweli kwamba Lusinga alikuwa na bunduki, na kwamba aliingia mu biashara ya watumwa iliyokuwa inaelekea mashariki, ng'ambo ya ziwa. Watu wengi wa milima hii walimwogopa. Lakini angalia pia nani anaandika: mtu aliyepita siku chache, ambaye hakujua lugha ya hapa, na aliyeandikia wasomaji wa Uingereza wenye kupenda habari za hatari.

Mdomo wa pili ni wa askari. Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alitumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika, lile lililoanzishwa na Leopold II. Alitokea Karema, upande wa Tanzania ya leo, akavuka ziwa, na mwezi wa tano 1883 akaanza boma pale Mpala, kwenye mdomo wa mto Lufuko. Watu walimwita Bwana Boma. Storms alikuwa mtu wa kuandika: barua, taarifa, kitabu cha kila siku. Mu karatasi zake vita na Lusinga inaonekana kama kazi ya kuleta amani na kukomesha utumwa. Watu aliowatuma walimwua Lusinga, walichoma, waliteka, na kichwa cha shefu kikaletwa kwake. Mtu mwenye kuleta amani anakusanya vichwa vya watu kwa nini? Karatasi zile zile za Storms njo zinatupa swali hili. Juu ya hiyo tunasema: hata karatasi ya mshindi inafaa kuwekwa mu kabati, kwa sababu mshindi anapojisifu anaacha alama za mambo aliyoyafanya.

Mdomo wa tatu ni wa daktari wa Ubelgiji. Mwaka 1886, mu Bruxelles, Émile Houzé alileta mbele ya wenzake wa elimu ya binadamu mafuvu matatu yaliyotoka huku: la Lusinga na ya mashefu wengine wawili. Aliyapima kwa vipimo, akaandika maneno ya kuonyesha eti watu wa huku wako chini ya wazungu. Leo elimu yenyewe imekataa kabisa mawazo ya namna ile. Lakini mwanafunzi akiona kwamba mfupa wa mtu wa kwao ulitumiwa kutengeneza uongo ule, anaelewa ubaguzi kuliko saa kumi za maelezo ya mwalimu.

Mdomo wa nne ni wa wazee wa hapa. Katikati ya miaka ya 1970, Mmarekani Allen Roberts alikuja kukaa na Watabwa karibu na Mpala, akasikiliza wazee wanavyosimulia vita hiyo ya Storms na Lusinga. Baadaye alikwenda kulinganisha masimulizi yao na karatasi za Ubelgiji, na mwaka 2013 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hili moja, A Dance of Assassins. Mu kitabu kile masimulizi ya wazee na karatasi za Storms vinawekwa uso kwa uso kama historia mbili zinazoshindana, na hakuna upande unaoachwa useme peke yake.

Munaona sasa? Mtu akisoma Thomson peke yake, atasema Lusinga alistahili kufa. Akisoma Houzé peke yake, atakasirika na kusema Lusinga alikuwa shujaa asiye na doa. Akiweka yote minne juu ya meza, atasema: alikuwa mtu mkubwa wa wakati mgumu, aliuza watu, na yeye naye alitendewa unyama. Maneno yote matatu ni kweli pamoja. Historia ya watu wazima iko vile.

3. Kichwa kilichovuka maji

Tuendelee kidogo, kwa sababu habari hii haijaisha.

Storms aliondoka mwaka 1885, alipofika Ubelgiji alikuwa na mafuvu na vitu vingi vya Watabwa. Kati ya vitu vile kulikuwa na sanamu ya mti ya babu wa Lusinga. Storms alikufa mwaka 1918, na mu miaka ya 1930 mjane wake alitoa mali ile kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Leo sanamu ile inahesabiwa kati ya kazi bora kabisa za sanaa za Afrika ya Kati. Mafuvu yalihamishwa mwaka 1964 kwenye Taasisi ya Elimu ya Viumbe ya Bruxelles. Angalia maajabu haya: sanamu ya mti iliwekwa mahali pa heshima watu waione, kichwa cha mwenyewe kikawekwa mu sanduku watu wasikione.

Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux alitoa makala mu Ubelgiji juu ya mafuvu haya, na watu wengi kule njo walijua mara ya kwanza. Watu wa elimu wakapewa kazi ya kuchunguza mabaki yote ya watu yaliyobaki mu taasisi za Ubelgiji, na taarifa yao ya mwisho ilitoka mwaka 2024. Mwaka 2022, sanamu ya Storms iliyokuwa imesimama mu kiwanja kimoja cha Ixelles, Bruxelles, iliondolewa. Mwaka ule ule, mwezi wa sita, Ubelgiji ulirudisha jino la Patrice Lumumba kwa jamaa yake. Ni kitu pekee kilichobaki cha mwili wake tangu auawe Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Mwezi uliofuata Ubelgiji ukatoa sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini ile sheria ilihusu vitu, haikugusa mabaki ya watu.

Kwa nini tunasema haya yote mu kijitabu cha desturi? Kwa sababu mazishi ni desturi. Kwetu mtu hazikwi nusu. Na siku ambayo kichwa cha Lusinga kitapata njia ya kurudi, watu wa Moba wataulizwa maswali: Mwili wake ulibaki wapi? Nani ni wa ukoo wake, na ukoo unapita kwa mama namna gani? Azikwe na nani, kwa desturi gani? Na wale ambao babu zao walitekwa na Lusinga wakauzwa, wao wanasema nini? Wataketi naye matanga?

Majibu haya hayako Bruxelles. Yako hapa, mu vinywa vya watu wachache ambao wanazeeka. Tukikosa kuyaandika, wengine watajibu kwa niaba yetu, kama walivyofanya mwaka 1886.

4. Vitabu vya kila siku vya mapadri

Storms alipoondoka, Mpala ilipewa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie kule Alger mwaka 1868. Mwaka 1887 akafika Kapiteni Joubert, Mfaransa, aliyekuwa zamani askari wa Papa. Alipigana na wafanyabiashara wa watumwa, akaoa binti wa hapa, Agnes Atakaye, mwaka 1888, na hakurudi tena kwao: alifariki hapa Moba mwaka 1927. Mwaka 1893 mapadri walianza Baudouinville kule juu, njo Kirungu yetu ya leo. Askofu Victor Roelens aliongoza toka hapo mpaka ziwa lote la upande huu likajaa misioni.

Mapadri Weupe walikuwa na sheria moja ambayo ni zawadi kwa mwanahistoria: kila misioni ilipaswa kuwa na kitabu cha kila siku. Mvua imenyesha, nzige wamekuja, fulani amekufa, shefu fulani ametuma watu, mashua imefika, ndui imeingia kijijini. Vitabu vile vinalindwa mu nyumba yao kuu Roma, na sehemu zingine zilichapishwa zamani mu magazeti ya shirika. Nakala ya kurasa chache za Mpala na za Baudouinville, zikiwekwa mu kabati letu, zinaweza kufundisha darasa mwaka mzima.

Lakini tusome kwa akili. Padri aliandika akiwa ndani ya boma lake. Aliyekuja kwake aliandikwa. Aliyemkimbia hakuandikwa, ao aliandikwa vibaya. Mganga wa kienyeji ndani ya vitabu vile ni mchawi tu. Wanawake karibu hawana sauti. Watoto waliokombolewa kutoka utumwani wanaonekana kama hesabu, halafu wanapewa jina la ubatizo, na jina la kwao linapotea. Wengi wetu hapa Mpala na Kirungu ni wajukuu wa watoto wale. Ndiyo sababu familia zingine haziwezi kutaja kijiji cha asili: babu alifika mtoto, alitoka mbali, hakujua njia.

Hapo vitabu vya ubatizo vinaweza kusaidia, maana mara nyingine viliandika mtoto alitoka wapi. Ila jambo hili linataka heshima. Asili ya mtu si habari ya kutangaza mu kabare. Kanuni yetu iwe hivi: jamaa yenyewe itafute habari ya jamaa, na kile ilichopata ni juu yake kukisema ao kukinyamazia.

Tusisahau kamusi. Mwaka 1907 Padri Auguste Van Acker alitoa kamusi ya Kitabwa na Kifaransa. Vijana wanafikiri kamusi ni ya kutafuta maana tu. Hapana, kamusi ya zamani ni ghala. Neno la chombo cha kufulia chuma, neno la aina ya mtego, neno la cheo cha mtu kwenye ukoo, yote yako mle, hata kama kazi yenyewe imekufa. Mpe mwanafunzi maneno kumi ya kamusi ile, umtume kwa bibi yake. Maneno sita bibi atayajua na kuyaeleza vizuri kuliko padri. Mawili atacheka, atasema padri alisikia vibaya. Mawili atanyamaza, kisha atasema: hili neno sijalisikia toka mama yangu afe. Hiyo njo historia.

5. Mwana wa Marungu ameshika kalamu

Tukiendelea kusoma wazungu tu, tutafikiri watu wetu walikuwa kimya. Sivyo. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alisoma kwa mapadri mpaka akapadirishwa tarehe 21 mwezi wa saba 1917, padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Jambo hilo kila Mkatoliki wa hapa analijua. Lakini wachache wanajua kwamba mbele ya upadri, mwaka 1910 na 1911, akiwa mwanafunzi wa seminari, maandishi yake juu ya mawazo na tabia za watu wetu yalichapishwa kwa Kifaransa mu La Revue congolaise. Yanahesabiwa kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo historia ya uandishi wa Kongo kwa lugha ile imeanza mu milima hii, mbele ya Kinshasa, mbele ya Lubumbashi.

Kaoze naye tumsome kwa maswali. Aliandika akiwa chini ya walimu wazungu, kwa lugha yao, na maandishi yake yalipita mikononi mwao. Mahali pengine anaelezea watu wake kama mtu wa ndani, mahali pengine unasikia seminari inaongea. Msomaji wa Moba ana faida hapa ambayo profesa wa Ulaya hana: anaweza kusikia, nyuma ya Kifaransa, sentensi ya kwetu. Kaoze alifariki mwaka 1951. Kukosa maandishi yake mu kabati la mji wake ni aibu ambayo tunaweza kuiondoa kwa nakala za kurasa kidogo tu.

6. Kiswahili chetu nacho kimeandika historia

Wengine watasema: vitabu hivi vyote ni Kifaransa, Kiingereza, watoto watasoma namna gani? Swali ni la haki. Kitabu cha Roberts ni Kiingereza, Thomson ni Kiingereza, mapadri ni Kifaransa cha zamani. Kwa hiyo kabati linahitaji mtu wa pili kando ya kitabu: mwalimu, ao kijana aliyesoma chuo, anayeandika kifupi cha kila kitabu kwa Kiswahili, kurasa mbili ao tatu, na kukibandika ndani ya jalada.

Tena tusione haya juu ya Kiswahili chetu. Mwaka 1965, kule Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu. Kilikuwa kijitabu cha mashine ya kuandikia, Kiswahili cha mdomo kabisa, kisichofuata sarufi ya shule. Profesa Johannes Fabian na wenzake walikitafsiri na kukitoa kuwa kitabu mwaka 1990, na leo vyuo vikuu vya dunia vinakisoma. Wapishi na maboi waliandika vile walivyojua, kwa lugha waliyokuwa nayo, na imefaa. Mu miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye alichora historia yote ya Kongo kwa picha, na akaieleza kwa Kiswahili hicho hicho. Hakuna mtu wa Moba atakayesema eti tunangojea Kiswahili safi mbele ya kuandika.

7. Kinywa cha mzee nacho kina kanuni

Wazee wanasema penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, lakini mzee naye ni kama kitabu: ana mahali alipotokea, ana aliyemfundisha, ana upande wake.

Tufanye hesabu. Mzee mwenye miaka themanini leo alizaliwa karibu na 1945. Babu aliyemlea anaweza kuwa alizaliwa kati ya 1880 na 1890, miaka ile ile ya Storms na Joubert. Kwa hiyo kati yetu na boma la Mpala kuna vinywa viwili tu. Ni karibu sana! Lakini miaka kumi ikipita, kinywa kimoja kitakuwa kimekatika, na hakuna fundi wa kukiunga.

Mukienda kwa mzee, fuateni taratibu. Nendeni na heshima, musiende na haraka. Ulizeni: habari hii uliisikia kwa nani? Alikuwa wa ukoo gani? Kijiji kilikuwa wapi wakati ule, mbele ya serikali kukihamisha kando ya barabara? Andikeni maneno yenyewe anayotumia, musiyanyooshe. Wazee wawili wakipingana, andikeni wote wawili. Musilazimishe maneno yapatane, kwani mara nyingi ukweli uko mu mapingano: huyu ni wa ukoo wa shefu, yule ni wa ukoo uliotekwa. Na mwishoni, msomeeni mzee kile mulichoandika. Akisema hapana, rekebisheni mbele yake.

Kwa karatasi, maswali ni manne, na tunapenda kila mwanafunzi ayashike kama sala: Nani ameandika? Ameandika lini? Alimwandikia nani? Na nani hakusikika?

8. Karatasi zinakufa pia

Tusifikiri kwamba maandishi ni salama kuliko kinywa. Hapa Moba tunajua. Mwezi wa kumi na moja 1984 watu wa P.R.P. ya Laurent-Désiré Kabila waliingia mji huu, na tena mwezi wa sita 1985. Ni miaka mia kamili toka siku za Lusinga na Storms, na mara ingine raia njo waliteseka katikati. Kisha vita ya 1998 ikaleta kukimbia kukubwa: watu wa Moba walivuka kwenda Tanzania, wengine wakashuka mpaka Zambia, makambi ya Kala na Mwange. Kuanzia 2007 wengi walirudishwa kwa meli kutoka Mpulungu. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na blanketi. Habebi kaye, habebi picha ya arusi, habebi barua ya babu. Kilichobaki nyumbani kililiwa na moto, na mchwa wakamaliza mengine.

Tena miaka hiyo ya kukimbia nayo ni historia. Watoto waliozaliwa Kala na Mwange ni watu wazima sasa. Nani ameandika maisha yao? Kabati letu lisiwe la Storms na mapadri peke yao. Kadi ya mkimbizi, cheti cha shule ya kambini, orodha ya majina ya watu wa meli moja, vyote hivi vitakuwa dhahabu kwa mwanafunzi wa mwaka 2080.

Kwa hiyo tuwe wenye kazi. Kwanza, kila chama, kila shule, kila parokia itafute kabati moja lenye miguu mirefu juu ya mchwa, mahali pakavu, na mtu mmoja wa kushika ufunguo na daftari la wanaoingia. Pili, karatasi ya asili ibaki kwa mwenyewe kama anapenda. Tuchukue nakala ao picha ya simu, na picha zihifadhiwe mahali pawili, hapa na kwa ndugu mu mji mwingine. Tatu, kila mwaka darasa moja la sekondari liandike wazee watano, ukurasa kwa ukurasa, na kaye zile ziingie mu kabati kama vitabu vingine. Nne, tuandike kwa adabu kwa wenye kulinda karatasi zetu kule Tervuren na Roma, tuombe nakala. Wenye mali kuomba picha ya mali yao si kuombaomba.

Ndugu wasomaji, Storms alijenga boma lake kwa udongo na magogo, na udongo ule umekwisha. Karatasi zake zingali zinaongea. Lusinga hakuandika hata neno moja, na mpaka leo wengine njo wanamsemea. Mtu akija kesho kutuuliza shefu yule alikuwa nani na azikwe wapi, tusimjibu kwa kimya ao kwa kelele. Tumwambie: karibu, keti hapa, kitabu kiko kabatini, na mzee yuko njiani anakuja.